Mcheza Ugenini: Dewa Alit na Gamelani Isiyopigika Kijijini

Mara ya kwanza nilipoisikiliza kazi iitwayo "Ngejuk Memedi" nilidhani simu yangu imeanza kufa. Sauti ilikuwa inakwama, inaruka, inarudi nyuma, halafu inachapa mbio kana kwamba hakuna lililotokea. Nikaizima, nikaiwasha. Mambo yaleyale. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba mle ndani hamna kompyuta hata moja. Ni watu wa Bali, kisiwa cha Indonesia, walioketi chini, nyundo za mbao mkononi, wanapiga vibao vya shaba vya gamelani, seti ya ala zinazopigwa na kundi zima, na kule kukwama kote wamekukariri kichwani, bila karatasi na bila mtu wa kuwapungia kijiti mbele yao.

Mtunzi ni Dewa Ketut Alit, aliyezaliwa 1973 katika kijiji cha Pengosekan, jirani na Ubud. Maana ya jina la kazi yake kwa Kibali ni kumkamata mzuka. Ilitoka 2022 katika albamu ya lebo ya Australia, Black Truffle, ambayo miaka miwili kabla ilikuwa imetoa nyingine yake, Genetic. Wateja wa lebo ile hawatafuti muziki wa harusi wala wa hekalu. Ni wale mashabiki wa muziki wa majaribio ambao sauti ikiwasumbua ndivyo wanavyozidi kuipenda.

Hapo ndipo linapozaliwa swali linalomkuta kila mtunzi wa Bali aliyepata jina nje ya kisiwa: huyu anamtungia nani? Waswahili tumekwisha kulihukumu zamani. Mcheza kwao hutunzwa. Na kilichofichika nyuma ya methali hiyo ni kwamba mcheza ugenini asishangae akirudi akaukuta uwanja umejaa wengine.

Lawama zenyewe ni mbili, na zinagongana. Ya kwanza inasema mtunzi wa namna hii ameipa kisogo gamelani ya wazee wake akafuata masikio ya Wazungu. Ya pili, ambayo mara nyingi hutoka kwa Wazungu wenyewe, inasema anaharibu kitu cha kale walichosafiri kutoka mbali kuja kukisikia. Hii ya pili haitanichelewesha, maana historia ya Bali yenyewe imekwisha kuijibu. Ya kwanza ina mfupa ndani yake, na nitaung'ata kwa muda.

Wengi wanaomsimulia Alit humwanzia New York. Mimi naona aanzie Pengosekan, kwenye familia ya wanamuziki, ambako akiwa na miaka 11 alikuwa tayari anapiga pamoja na watu wazima wa kijiji. Kuanzia 1988 hadi 1995 alikuwa na kundi la Semara Ratih la Ubud. Mwaka 1997 yeye na ndugu zake walianzisha Çudamani, kundi ambalo hadi leo likitajwa, wapenzi wa gamelani hukaa vizuri kwenye viti. Mwaka uliofuata akahitimu chuo cha sanaa cha Denpasar, mji mkuu wa Bali. Ilipofika 2000 alitunga "Geregel", kazi ambayo jarida moja la nadharia ya muziki la Marekani liliitolea uchambuzi mrefu, heshima ambayo watunzi wengi wa Ulaya wanakufa hawajaipata. Ndipo simu za ughaibuni zikaanza kuita. Kundi la Galak Tika la chuo cha MIT, lililoanzishwa 1993 na mtunzi Evan Ziporyn, lilipata kutoka kwake "Semara Wisaya" mwaka 2004 na "Pelog Slendro" mwaka 2006. Mwaka 2007 akaanzisha kundi lake mwenyewe, Gamelan Salukat, lenye ala zilizotengenezwa upya kwa vipimo na lahani, yaani mpangilio wa sauti za noti, alizozipanga yeye.

Ukiutazama mpangilio huo vizuri utaona jambo. Alipokwisha kuonja Marekani, hakuhamia huko. Hakuingia kwenye sinfonia wala kununua sinthesaiza. Alirudi Bali akaenda kwa wahunzi.

Sasa ile lawama ya wageni. Kinachouzwa leo kama gamelani ya asili ya Bali ni gong kebyar, kundi la wapigaji 25 na zaidi, lenye kishindo, lenye kupanda na kushuka ghafla. Kebyar kwa Kibali ni kulipuka, kama radi inapomulika. Mtindo huo ulizuka kaskazini, Buleleng, karibu na mwaka 1915. Wadachi walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza kuiteka Bali ya kusini, kwa yale maangamizi ya Badung mwaka 1906 na ya Klungkung mwaka 1908, ambako watu wa kasri walitoka wakiwa wamevaa nguo nyeupe wakaziendea bunduki kuliko kusalimu amri. Wafalme walipoanguka, muziki wao uliokuwa wa taratibu na wa kifahari ukakosa wa kuulisha. Ala zikaishia vijijini. Na vijijini vijana wakafanya jambo ambalo leo lingepigiwa kelele na kila shirika la urithi duniani: waliyeyusha shaba ya gamelani za kasri, wakafua humo ala mpya za kupigia kebyar.

Mkanada Colin McPhee alipofika Bali mwaka 1931, baada ya kuzisikia New York santuri chache zilizorekodiwa kisiwani 1928, alikuta uyeyushaji huo ukiendelea. Alihuzunika sana. Alijenga nyumba Sayan, akawatafuta mabingwa wa zamani, akahangaika kuifufua semar pegulingan, gamelani ya kasri iliyokuwa inatoweka, na tumshukuru kwa hilo. Lakini usisahau kwamba kelele aliyoiona McPhee kuwa ndiyo inayoua mila ndiyo hiyohiyo ambayo leo mgeni wa hoteli anaonyeshwa kama mila yenyewe. Tangu kuzaliwa mpaka kuitwa ya kale, kebyar haikuchukua hata umri wa mzee mmoja. Kwa hiyo mtu wa London anayemlaumu Alit kwa kuchezea mambo ya mababu anamlaumu kwa kufanya walichofanya mababu.

Hilo limekwisha. Turudi kwenye mfupa.

Lawama ya nyumbani inakwenda hivi. Gamelani ni mali ya banjar, yaani mtaa, pamoja na hekalu lake. Watu hupiga kwa kujitolea, na kujitolea huko kwa ajili ya miungu na jirani kunaitwa ngayah. Hekalu huadhimisha siku yake kila baada ya siku 210, na muziki huwa sehemu ya sadaka kama vile maua na matunda. Mtu anayetunga kwa ajili ya jukwaa la nchi za mbali, akalipwa, jina lake likaandikwa juu ya albamu, je, bado yumo ndani ya mzunguko huo? Na zaidi: kazi zake mpya, hata mtaa ukizipenda namna gani, hauwezi kuzipiga. Hili la kutopigika ndilo linalonisumbua kuliko yote, na naomba msomaji anivumilie, maana hapa lazima tuingie karakana.

Gamelani haina kipimo kimoja cha sauti kama piano. Kila seti ina lahani yake, aliyoitia mhunzi, na mwanakijiji wa Bali anaweza kuitambua gamelani ya kwao usiku kwa mbali kama anavyomtambua mama yake kwa kikohozi. Halafu vibao hufuliwa kwa jozi. Kimoja huwa chini kidogo, huitwa pangumbang, na mwenzake juu kidogo, pangisep. Vikipigwa pamoja, zile sauti mbili zisizolingana sawasawa hutikisana, na masikio husikia mtetemo, wawawawa. Wabali huuita ombak, yaani wimbi. Bila wimbi hilo shaba inahesabiwa kuwa imekufa. Mgeni mwenye piano kichwani husikia kosa. Mtu wa Bali husikia pumzi.

Sasa, ingawa seti hazilingani, gong kebyar zote zina noti tano kutoka katika mfumo wa sauti uitwao pelog, na umbali kati ya noti na noti hukaribiana vya kutosha. Matokeo yake ni makubwa. Kipande kilichotungwa Peliatan, kusini mwa kisiwa, kinaweza kupigwa Singaraja, kaskazini, kinaweza kupigwa Oakland, California, kama wimbo mmoja unavyoimbwa na koo tofauti. Na ndivyo utunzi mpya ulivyosambaa kwa karne nzima. Kikundi kikipata kipande kizuri, wa kijiji cha pili watakuja kusikiliza, wataiba, watabadilisha kidogo, watakidai ni chao. Kaseti za miaka ya 1970 na 1980 zilizidisha wizi huo mtamu. Hakuna mtunzi aliyeshtaki.

Alit aliuhama uwanja huo kwa awamu. Kwanza "Geregel" haikuwa ya noti tano. Ilikuwa ya gamelani ya semarandana, yenye noti saba, aina iliyobuniwa na gwiji I Wayan Beratha katika miaka ya 1980. Saba badala ya tano si nyongeza ya mbili tu. Ni milango ya kuhama kutoka hali moja ya moyo kwenda nyingine katikati ya kipande bila kusimama. Halafu kwa Salukat akavuka zaidi, akaunganisha ndani ya seti moja sauti za pelog na za slendro, mifumo miwili ambayo kwa desturi hukaa kwenye ala tofauti na kwa kazi tofauti. Ndiyo maana Salukat ikipiga unahisi kama nyumba mbili zinazungumza kupitia ukuta mmoja, mara zinapatana, mara zinagombana. Na ndiyo maana kipande cha Salukat ukikipeleka kwenye gong kebyar ya mtaa hakipigiki. Vibao vinavyohitajika havipo. Huwezi kukiiba hata ukitaka.

(Suala hili la lahani za Indonesia limewahi kutugusa sisi pia. Mwaka 1964 A. M. Jones, mmishonari aliyekaa sana Zambia, alichapisha hoja kwamba marimba za Afrika zilitoka Indonesia, akitegemea kufanana kwa vipimo vya noti. Wataalamu wengi hawakukubali, na mimi naona alitaka mno kusikia alichokitafuta. Lakini ni onyo zuri kwa anayedhani lahani ni jambo la mafundi tu. Watu huzijengea nasaba na himaya.)

Kwa hiyo lawama ya nyumbani ni ya kweli: Alit amejitoa kwenye njia kuu ya usambazaji ambayo Bali ilikuwa nayo. Sitaipunguza. Kipande ambacho hakiwezi kuibwa hakiwezi kuwa cha wote.

Lakini hebu tuulize, hiyo njia kuu ni ya kale kiasi gani? Kabla kebyar haijafanya kila mtaa uwe na seti zinazofanana, hali ya kawaida ya Bali ilikuwa kinyume. Gender wayang, ala za slendro zinazosindikiza vikaragosi vya ngozi, zina kazi zake. Semar pegulingan ilikuwa na zake. Na nenda Tenganan, kijiji cha Wabali wa kale upande wa mashariki, ukaitazame selonding, gamelani ya vibao vya chuma. Ni takatifu. Mgeni haruhusiwi kuigusa. Hakuna aliyewahi kuwalaumu watu wa Tenganan kwa kuwa na muziki usiohama. Seti moja na kazi zake, kazi na seti yake, vikizaliwa pamoja: huo ni utaratibu wa Bali kabla ya Wadachi. Kilicho kipya ni ule usawa wa kebyar, na Alit, kwa kwenda mbele sana, amejikuta akitokea nyuma ya kijiji.

Namna anavyofundisha kikundi chake ni ya kale vilevile. Wabali huita maguru panggul, kufundishwa na nyundo. Mwalimu huketi upande wa pili wa ala, akaipiga akiwa ameigeukia kinyumenyume, na mwanafunzi hufuata nyundo kwa macho na sauti kwa masikio mpaka mkono ujue wenyewe. Mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unakuja nyuma kukibana kibao kinyamaze kwa wakati wake, kwani kunyamazisha ni nusu ya ufundi. Sauti moja ya kasi tunayoisikia huwa imegawanywa kwa watu wawili: polos anapiga zake, sangsih anajaza mapengo, na hakuna kati yao anayeweza kuupiga wimbo ule peke yake. Sasa chukua ufundi huo, uweke mapengo mahali ambapo mkono haujazoea, ubadilishe mwendo wa kundi moja wakati la pili linaendelea na mwendo wake, na uwatake watu wote wakwame pamoja na kuanza pamoja bila wa kuhesabu. Hicho ndicho nilichokisikia nikadhani simu imekufa. Ni kazi ya miezi ya kukaa pamoja, na kundi la wanamuziki wa mshahara wa Ulaya wenye mazoezi machache kabla ya tamasha hawawezi kuipata kwa kusoma karatasi. Tuseme basi Alit anawatungia wageni. Ajabu ni kwamba kazi zake kubwa kuliko zote ni zile ambazo wageni hawawezi kuzipiga ila wahamie Bali.

Kuna tukio moja linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Juni 2009, Puri Saraswati mjini Ubud, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza opera ya Ziporyn kuhusu maisha ya McPhee huko Bali. Upande mmoja wanamuziki wa Bang on a Can kutoka New York, upande wa pili Salukat chini ya Alit. Fikiria picha yenyewe. McPhee alikwenda Bali, akarudi na kazi ya piano mbili na okestra, "Tabuh-Tabuhan", iliyopigwa mara ya kwanza Mexico mwaka 1936 chini ya Carlos Chávez. Mle ndani Bali imo, lakini hakuna hata Mbali mmoja anayehitajika. Piano zimejifanya gamelani na kazi imekwisha. Miaka 73 baadaye hadithi yake inasimuliwa, na safari hii shaba imekuja na wenyewe, na ni shaba ambayo McPhee asingeitambua. Angeweza hata kuililia kama alivyoililia kebyar.

Nalitaja kwa sababu linaonyesha upogo wa mjadala. Wakati mtunzi Mfaransa Debussy alipochota kutoka gamelani ya Java aliyoisikia Paris mwaka 1889, ilikuwa ubunifu. Mwingereza Britten alikwenda Bali mwaka 1956 akatoka na sauti zake kwenye baleti, ikawa ubunifu. Wamarekani wa Sekar Jaya, kundi la gamelani la California, walioanza 1979 wakiwa na mwalimu I Wayan Suweca, walialikwa kisiwani na baadaye wakatunzwa na serikali ya Bali yenyewe, na walistahili, nimesikia wanavyopiga. Mgeni akija kwenye gamelani anaitwa mpenzi wa Bali. Mwenyeji akitoka na gamelani yake kwenda kwa wageni anaulizwa kama bado ni wa kwao. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Huku mgeni kapona, mwenyeji ndiye anayepimwa joto.

Wapo watakaonijibu kwamba tatizo ni pesa. Anayelipa huathiri. Mtunzi akizoea kupigiwa makofi Ulaya ataanza, pengine bila kujua, kusikiliza kazi yake kwa masikio ya huko: atarefusha kinachowashangaza, atafupisha kinachowachosha. Siwezi kulikana hilo. Nikisikiliza kazi za Salukat kuna nyakati ambapo ugumu unaonekana kuwa ndio lengo, na pale huwa najiuliza nani anafurahishwa. Ila ukitaka kufuata pesa, zifuate mpaka mwisho. Mwaka 2019 wageni zaidi ya milioni 6 kutoka nje waliingia Bali, kisiwa chenye wakazi milioni 4 na ushei. Kila jioni gamelani inakatwa vipande vya dakika chache kati ya supu na kitindamlo ili mtalii asichoke, ngoma za saa nyingi zikibanwa ziishe kabla basi la hoteli halijaondoka. Huko ndiko kutungia wageni kwenyewe. Hakuna anayepiga kelele, kwa kuwa sauti inayotoka ni ile tuliyokwisha kubaliana kuiita ya kale.

Na mdhamini wa nyumbani naye ana masharti. Tangu 1979 Denpasar kuna Pesta Kesenian Bali, sherehe ya sanaa ya kila mwaka, ambako gong kebyar za wilaya nane na za jiji hushindana kwenye ukumbi wa wazi wa Ardha Candra, mashabiki wakishangilia na kuzomea kama uwanja wa mpira. Ni raha, na imewalea watunzi wengi wakubwa. Lakini sherehe ina kaulimbiu iliyotoka serikalini, muda una mipaka, na majaji wana mizani yao. Mtunzi anayekubali masharti hayo huitwa mtumishi wa utamaduni. Anayekubali ya tamasha la New York huitwa kibaraka wa soko. Tofauti ya masharti hayo mawili siioni, isipokuwa kwamba ya New York, kwa bahati, yalimwachia nafasi ya kutengeneza gamelani.

Liko pia hili la jina, ambalo wapinzani wanalishika kwa nguvu. Wanasema muziki wa Bali ulitungwa na kundi, kila mmoja akichangia, na kwamba "mtunzi" mwenye sura yake kwenye jalada ni desturi ya kuazima. Kuna ukweli: hata leo kipande cha Bali hufinyangwa mazoezini, mpigaji hodari akipendekeza, mwalimu akikubali. Ila I Wayan Lotring wa Kuta alijulikana kwa jina tangu miaka ya 1920, vijiji vya mbali vikimwita aende kufundisha, na kazi zake zikitajwa kuwa zake. I Mario na dansi yake ya kebyar ya kuketi, 1925, hivyohivyo. Nadhani Wabali daima walijua nani katunga nini. Hawakuona haja ya kuandika.

Mwaka 2021 UNESCO iliiweka gamelani ya Indonesia kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Nimefurahi kama wengine. Ila orodha haziwezi kuyeyusha, na kwa Bali kuyeyusha kumekuwa sehemu ya urithi kwa zaidi ya miaka mia. Sijui vijana wa Buleleng wa 1915 wangejaza fomu ipi.

Nimesema lawama ya kwanza ina mfupa, na sijaumeza wote. Nilipoifananisha Salukat na selonding ya Tenganan niliruka jambo. Nyuma ya selonding kuna kijiji chenye ibada zinazoihitaji mwaka hadi mwaka, watu waliopo na waliokufa na watakaozaliwa. Nyuma ya Salukat kuna kundi la watu na mtu mmoja mwenye sauti ile kichwani. Na shaba haitulii. Vibao vipya huhamahama sauti miaka ya mwanzo baada ya kufuliwa, na hata vya zamani huhitaji mhunzi aje na tupa yake, asugue katikati ya kibao kushusha au karibu na ncha kupandisha. Kijijini mhunzi akikosea, wazee watano watamwambia papo hapo kwamba hii siyo gamelani yetu. Kwa Salukat, mtu wa kusema hivyo hadi sasa ni Alit. Hao wengine walioketi naye chini tangu 2007, usiku baada ya usiku, mkono wa kushoto ukifuata wa kulia, huenda nao wameshaijua sauti hiyo kiasi cha kumkatalia fundi. Sina namna ya kujua mpaka siku watakapomwita mhunzi yeye akiwa safarini.